Fedha za yatima zimo kwenye akaunti yangu: niziweke wapi?

Ndugu Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, mwanamume wa miaka 47, na jambo ninalokuandikia limeninyima usingizi kwa miezi kadhaa sasa. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alifariki mwaka jana baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ameacha watoto watatu: binti wa miaka 16, mvulana wa miaka 11 na binti mdogo wa miaka 7. Mume wake alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka minne kabla yake, na babu yao wa kuumeni naye hayupo tena. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa pembeni kwa watoto wa dada yake, kwa hiyo hakuna aliyeuliza watoto waende wapi. Walikuja nyumbani kwangu siku ya arobaini na wapo hadi leo.

Kikao cha ukoo kilinipendekeza niwe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikaniteua. Baada ya gharama za mazishi na madeni kulipwa, fedha za mafao yake zilizobaki zilikuwa shilingi 36,000,000. Mgawanyo ulifanywa kwa sheria ya Kiislamu: mama yetu mzazi alipata sita moja, yaani shilingi 6,000,000, na shilingi 30,000,000 zikawa za watoto. Kwa kuwa watoto ni wadogo na wanaishi kwangu, fungu lao nilikabidhiwa mimi. Nililiweka kwenye akaunti yangu ya benki, ile ile ninayopokelea malipo ya korosho, kwa sababu sikuwa na nyingine. Ipo pia mikorosho ya dada, ambayo ninaihudumia pamoja na yangu.

Sasa maneno yamekuwa mengi. Binamu yangu anataka fedha hizo ziingizwe kwenye kununua korosho mashambani kabla minada haijafunguliwa, na ananiahidi kwamba zitarudi maradufu kabla ya mwaka kwisha. Baba mdogo wa watoto anasema tununue kiwanja Mtwara mjini au Lindi, kwa kuwa gesi italeta watu. Mzee mmoja wa msikitini kwetu ameniambia ipo ofisi ya Serikali inayotunza mali za marehemu na fedha za watoto, kwamba niipelekee ili nipumzike. Lakini jirani yangu anaapa kwamba fedha ikishaingia serikalini hairudi.

Liko jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa sita nilichukua shilingi 800,000 kutoka katika fedha za watoto, nikalipa vibarua wa palizi na kununua petroli ya mashine ya kupulizia dawa mikorosho yangu mwenyewe. Nilijiambia kwamba nitarudisha baada ya mnada wa kwanza. Wiki mbili zilizopita binti mkubwa alikuwa anamenya mihogo uani, akaniuliza bila kuinua macho: "Mjomba, ile hela ya mama iko wapi?" Nikamjibu, "Ipo." Akaendelea kumenya. Tangu siku ile naona haya kukaa naye peke yangu.

Je, niipelekee Serikali fedha hiyo? Na kama nitabaki nayo, ninaruhusiwa kuizalisha, au niiache ilale tu hadi watoto wakue?

Mjomba wa watoto watatu, Newala

*

Mjomba wa watoto watatu,

Waaleikum salaam, na pole kwa msiba wa dada. Umeniuliza kuhusu ofisi ya Serikali na kuhusu kuzalisha fedha, nami nitakujibu yote mawili. Hata hivyo, katika barua yako yote, jambo lililonishtua zaidi si zile shilingi 800,000, bali ni sentensi fupi uliyoiandika kama jambo la kawaida: kwamba fedha za watoto ziko kwenye akaunti yako, kwa jina lako, zimechanganyika na malipo yako ya korosho.

Fikiri jambo moja ambalo hatupendi kulifikiri. Ukifariki kesho, akaunti hiyo itafungwa kama akaunti ya marehemu yeyote. Mkeo na wanao watakwenda mahakamani, msimamizi mwingine atateuliwa, na shilingi zote zilizomo zitahesabiwa kuwa mirathi yako. Watoto wa dada yako, ambao kwa kuwa una watoto hawatakuwa warithi wako, watasimama mlangoni kama wadai wasio na karatasi.

Nilifanya kazi ya ukarani katika mahakama za mwanzo za mkoa wa Lindi kwa miaka mingi, na liko daftari moja ambalo sijalisahau. Lililetwa na msichana ambaye mlezi wake alikuwa amefariki kwa ajali ya bodaboda; lilikuwa daftari la shule, jalada lake limeliwa na mchwa, na ndani yake mlikuwa na mstari mmoja tu kwa kalamu ya bluu: "Hela za watoto milioni nne na nusu." Hapakuwa na tarehe, jina la benki, sahihi wala jina la mtoto. Majirani wote walishuhudia kwamba mlezi yule alikuwa mtu mwaminifu, nami naamini alikuwa hivyo. Msichana hakupata fedha yake, kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba katika mali ile iliyoachwa, fungu fulani lilikuwa lake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kikao kingine chochote, ni kuzitoa fedha hizo katika jina lako. Nenda benki na barua yako ya uteuzi, nakala ya mgawanyo wa mahakama na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ufungue akaunti tatu za watoto, kila moja kwa jina la mtoto mwenyewe, wewe ukiandikwa kuwa msimamizi wake. Nasema tatu kwa makusudi. Umeandika "fungu la watoto" kana kwamba ni mfuko mmoja, lakini kwa sheria mliyoifuata mvulana hupata mafungu mawili na kila msichana fungu moja. Shilingi 30,000,000 ni 15,000,000 za mvulana, 7,500,000 za binti mkubwa na 7,500,000 za binti mdogo. Ukilipa matibabu ya mmoja kutoka mfuko wa pamoja, umewatoza wengine wawili bila kujua. Vyeti vya kuzaliwa kama havipo, ndiyo kazi ya kuanza nayo. Binti mdogo huenda anacho tayari, kwa kuwa tangu mwaka 2017 watoto wa chini ya miaka mitano katika mikoa yetu ya Lindi na Mtwara wamekuwa wakisajiliwa na kupewa cheti bila malipo karibu na nyumbani.

Zile shilingi 800,000 zirudishwe, na usisubiri mnada kama una mbuzi wa kuuza au ndugu wa kukukopesha. Kama huna, andika leo kwamba unadaiwa na watoto kiasi hicho, taja tarehe uliyochukua na tarehe utakayolipa, kisha umwite mama yako na mtu mmoja mwingine watie sahihi au dole gumba. Najua utaona aibu. Lakini wewe ni Mwislamu, na aya ya 6 ya Surat An-Nisaa inamtaka mlezi mwenye uwezo ajizuie na mali ya yatima, inamruhusu aliye fukara ale kwa kadiri ya wema, na inaamuru mashahidi wawepo siku ya kukabidhi. Kulipa palizi ya shamba lako si kula kwa ajili ya kuwalea, na wewe mwenyewe unalijua hilo, ndiyo maana huwezi kukaa na binti yule peke yako.

Halafu rudi mahakamani. Wengi hudhani kwamba barua ya uteuzi ikitoka kazi imekwisha. Kwa kanuni za mirathi za Mahakama ya Mwanzo za mwaka 1971, msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa kuwasilisha orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu kwa Fomu Na. 5, na baadaye hesabu ya alichokusanya na alichogawa kwa Fomu Na. 6, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Hukusema popote kwamba umezijaza. Kama muda umepita, nenda ueleze sababu na uombe nyongeza. Mahakama ina uwezo wa kumtengua msimamizi kwa sababu za msingi, na mtu anayekuja mwenyewe kujieleza hupokewa tofauti na anayeletwa kwa wito. Mikorosho ya dada nayo iingie katika hesabu hiyo: idadi ya miti, kilo zilizopimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, malipo yaliyoingia na gharama za kuihudumia, zote kando kabisa na korosho zako. Tunza kila risiti ya mizani.

Sasa nije kwenye ofisi aliyokutajia mzee wa msikitini. Ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao wengi tunauita RITA na tunaujua kwa vyeti vya kuzaliwa tu. Uko chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, ulianzishwa mwaka 2006 kuchukua kazi za iliyokuwa idara ya Kabidhi Wasii Mkuu, na mkuu wake hadi leo ndiye Kabidhi Wasii Mkuu. Huyu anaweza kusimamia mirathi ambayo haina mtu wa kuisimamia, au ambayo ndugu wamegombana kiasi cha kutoaminiana, au ambayo marehemu mwenyewe ameandika katika wosia kwamba ofisi hiyo ndiyo isimamie. Ofisi hiyo hiyo inabeba kazi ya Mdhamini wa Umma, yaani kushika mali na fedha kwa niaba ya watu wasioweza kujishikia wenyewe, hasa watoto, kuziwekeza, na kuwakabidhi wakati wao ukifika. Aidha, huandika na kuhifadhi wosia, huduma ambayo laiti dada yako angeijua.

Faida kubwa ya mdhamini wa aina hii haimo katika wema wa mtumishi anayekaa mezani. Wewe ni mtu mmoja: utaugua, utazeeka, utabanwa na shida za shamba, na binamu atakuja kukushawishi usiku. Ofisi haifi. Mtumishi akistaafu, jalada linabaki na anayefuata analisoma. Hesabu zake ni za Serikali na hukaguliwa kama hesabu nyingine za Serikali. Na mtoto aliyefikisha miaka 18 anakwenda na cheti chake cha kuzaliwa kudai kilichoandikwa kwa jina lake. Hofu ya jirani yako siidharau, kwa sababu nimewaona watu waliozungushwa kwa miezi, njoo kesho, njoo keshokutwa. Lakini mara nyingi walikuwa hawana nakala ya hata karatasi moja waliyoikabidhi. Ukikabidhi chochote, toka na stakabadhi yenye muhuri, tengeneza nakala tatu, moja umpe bibi yao. Ofisi hii hutoza ada kwa usimamizi wake, kwa hiyo uliza kiasi kabla hujaamua.

Je, uipelekee? Kwa hali uliyoieleza, maoni yangu ni kwamba usiharakishe kukabidhi, lakini usikae bila kwenda kuonana nao. Uko hai, watoto wako kwako, mama yako anakusaidia, na ndugu wa pande zote mbili bado wanaongea kwa heshima. Nenda ofisi ya RITA ya wilaya, ambayo kwa kawaida hupatikana kwa Mkuu wa Wilaya, ueleze fungu la kila mtoto na uchukue ushauri wao. Ikitokea ukaona huwezi kumkatalia binamu, au baba wadogo wakaanza kudai walee wao na fedha iwafuate, hapo nasema bila kusita: omba mahakama iliyokuteua ikuelekeze namna ya kulipeleka jambo hili kwa Kabidhi Wasii Mkuu. Usibebe fedha mkononi kwenda ofisi yoyote bila amri, kwa kuwa mamlaka uliyo nayo ni ya mahakama.

Kuhusu kuzalisha, sikushauri uiache fedha ilale. Binti wa miaka 7 ana miaka 11 mbele yake, na shilingi iliyolala muda wote huo haitanunua kile inachonunua leo. Lakini anayeshika mali ya mtoto hana uhuru wa mfanyabiashara, kwa kuwa hasara si yake. Tanzania ina sheria maalumu ya uwekezaji wa wadhamini, Sura ya 53, na msingi wa fikra yake ni kuwaelekeza wadhamini kwanza kwenye dhamana za Serikali na vitega uchumi vilivyo salama, na kuwataka wapate ushauri kabla ya kwenda kwingine.

Mpango wa binamu ukatae mbele ya mashahidi. Anachokuelezea ni kangomba, hata kama hakulitaja jina hilo, na kangomba ni kununua korosho za wakulima kwa bei ya kutupa nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa kupeleka korosho ghalani, kupewa stakabadhi na kuuza kwa mnada. Ni kinyume cha sheria, na wanaoumizwa nayo ni mafukara wenzetu wanaouza korosho zikiwa bado mtini kwa sababu mtoto anaumwa. Unakumbuka msimu wa 2018/2019, Serikali ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo: uhakiki ulifanywa kijiji kwa kijiji ili kuwabaini wenye kangomba, na waliokuwa wameficha fedha zao humo walibaki wakisubiri. Ungemjibu nini binti wa miaka 16 kama fedha yake ingekuwa imekwama pale?

Kiwanja si haramu, na baba mdogo nadhani ana nia njema. Tatizo ni kwamba kiwanja hakikatwi kipande ukalipia matibabu, kinahitaji kulindwa dhidi ya wavamizi, na watoto watatu wenye mafungu yasiyolingana watakuja kukigombea. Ule mradi wa kusindika gesi asilia uliopangwa Likong'o, Lindi, umezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi. Mtoto hawezi kusubiri gesi ndipo anunuliwe sare.

Kinachobaki ni njia za taratibu, na umri wa kila mtoto ndio upime muda. Hatifungani za Serikali, yaani hati za kuikopesha Serikali fedha kwa muda maalumu, huuzwa na Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mtwara, kwa muda wa kuanzia miaka 2 hadi 25. Hulipa kila baada ya miezi sita na mtaji hurudi muda ukiisha. Kwa binti mkubwa, atakayefikisha miaka 18 baada ya miaka miwili, usifunge chochote kupita hapo. Kwa mvulana na mdogo wao unaweza kwenda mbali zaidi, huku ukibakiza sehemu ambayo inaweza kutolewa haraka. Kampuni ya Serikali ya UTT AMIS ina mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ukiwemo Mfuko wa Watoto na ule wa Ukwasi, yaani wa fedha zinazoweza kutolewa haraka. Hapo unanunua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko, na ujue kwamba thamani ya kipande huweza kupanda na kushuka.

Lakini najua swali ambalo mama yako ataliuliza, nalo ni la haki: riba. Familia iliyogawa mirathi kwa sheria ya Kiislamu haiwezi kuambiwa ilifumbie macho suala hilo. Kaeni na sheikh mnayemwamini, na muulize benki kuhusu akaunti zinazofuata misingi ya sharia, ambazo hugawana faida badala ya kulipa riba. Amana Bank inafanya kazi kwa misingi hiyo tangu mwaka 2011, na CRDB ina huduma ya Al Barakah. Mkikubaliana, andikeni muhtasari wa kikao na sababu zenu, kisha uweke kwenye jalada. Mtoto akija kuuliza baada ya miaka kumi kwa nini fedha yake ilikwenda huku na si kule, apate jibu la maandishi hata kama wewe haupo.

Mama yako naye ana shilingi 6,000,000 zake. Kama anataka ziwaendee wajukuu, hiyo ni hiari yake na aiandike mwenyewe, wewe usizichanganye.

Mwisho, binti yako. Ulimjibu "Ipo," na kwa mtoto aliyefiwa na wazazi wote wawili neno hilo halitoshi. Ukitoka benki na vitabu vitatu vya akaunti, mkalishe mezani, si uani kwenye mihogo. Mwonyeshe kitabu chenye jina lake na tarakimu zake, mwambie ulichukua kiasi gani, lini na kwa ajili ya nini, na umwonyeshe karatasi ya deni yenye sahihi ya bibi yake. Kisha mpe daftari la hesabu alitunze yeye, aandike kila kinachoingia na kinachotoka kwa ajili ya wadogo zake. Ni binti wa mwalimu. Mwandiko wake bila shaka ni mzuri kuliko wako na wangu.